Ndoo ya maji ya moto inapomngoja mzazi

Akina mama, leo tuongee la kwetu. Akina baba nanyi msifunge gazeti, maana anayenunua gesi ya kuchemshia hayo maji ni nyie.

Mwanamke akijifungua huku kwetu anatoka wodini na kadi yake, ana maelekezo ya nesi kichwani, halafu akifika nyumbani anakuta sheria nyingine kabisa. Ndoo inatokota jikoni. Kanga ya kukandia ishaandaliwa. Uji umetiwa pilipili manga mpaka anayepita mlangoni anapiga chafya. Shangazi kutoka Tanga kafika tangu juzi, na mpaka arobaini iishe yeye ndiye mkuu wa kaya.

Wapo wanaosema hayo yote ni ushamba. Wapo wengine wanaoapa kwamba mzazi asiyekandwa atakuwa na kitambi mpaka kufa. Mimi nimezaa watatu, nimekandwa, nimefungwa mkaja, na mtori nimekunywa mpaka nikakinai. Nasema wote wawili wanatuchanganya. Hizi tiba za nyumbani hazifanani. Ipo inayosaidia kweli, ipo isiyo na neno, na ipo inayoua.

Tuanze na mimba changa, ile asubuhi unainama juu ya beseni hata harufu ya kitunguu huitaki. Hapa bibi zetu walipatia. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa kliniki za wajawazito wa mwaka 2016, limeitaja tangawizi kuwa moja ya vitu vya kupunguza kichefuchefu cha miezi ya mwanzo. Kwa maumivu ya mgongo na nyonga wametaja mazoezi, mkanda wa kushikilia tumbo na hata ile tiba ya Kichina ya sindano. Kwa hiyo ukichemsha kipande cha tangawizi ukanywa taratibu, hujafanya ushirikina. Lakini ukitapika hata maji hayakai, hiyo si ya tangawizi tena, shosti. Nenda hospitali ukawekewe dripu.

Udongo je? Najua mnaupenda, vile vijiti vya sokoni mnavyofunga kwenye pindo la kanga. Tatizo lake ni kwamba unazuia madini ya chuma yasiingie mwilini vizuri, na wakati huohuo unameza vidonge vya damu ulivyopewa kliniki. Tena udongo unaweza kuwa na risasi ndani yake, na risasi inapita mpaka kwa mtoto. Hamu ya udongo mara nyingi huja pamoja na upungufu wa damu. Ukiona inakuzidi, omba upimwe damu.

Sasa twende leba. Mwaka 1980 madaktari waliofanya kazi Guatemala walichapisha habari za wanawake waliokuwa wakijifungua mimba ya kwanza. Kundi moja liliachwa kama kawaida ya hospitali ile, peke yao bila ndugu. Kundi jingine kila mmoja aliwekewa mwanamke wa kukaa naye, si nesi wala ndugu, mtu tu wa kumshika mkono, kumsugua mgongo na kumsemesha. Waliokuwa na mwenzao walikaa na uchungu saa 8.7 kwa wastani. Walioachwa peke yao, saa 19.3. Dawa hiyo haina chupa wala haina gharama! Kundi lilikuwa dogo, lakini tafiti nyingi za baadaye zimeendelea kuonyesha kwamba msindikizaji anasaidia, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likashauri kila mzazi awe na mtu aliyemchagua mwenyewe. Likakubali pia kusuguliwa, kuwekewa kitambaa cha joto, kuvuta pumzi taratibu na muziki, kwa mzazi mzima wa afya anayetaka kupunguziwa maumivu. Hayo ndiyo yaliyokuwa yakifanywa na wakunga wetu wa mitaani. Nashangaa zile hospitali ambazo mpaka leo zinambakiza mama mzazi nje ya geti na thermos yake ya chai.

Ila hao hao wakunga wa mitaani wana na ile chupa nyingine, dawa ya kuongeza uchungu. Mizizi, majani, au mafuta ya nyonyo, unanyweshwa kwa siri ukiwa bado nyumbani ili ufike hospitali mtoto yuko mlangoni. Hapo sina utani. Hakuna anayejua kipimo. Mfuko wa uzazi unaweza kukaza bila kupumzika, mtoto akakosa hewa, au mfuko wenyewe ukachanika. Na kama hukumwambia nesi, naye akakuwekea dripu ya uchungu juu yake, hapo zimekuwa mbili. Ukishakunywa, sema. Wakikufokea wakufokee, lakini wajue.

Turudi kwenye ndoo yetu. Hoja ya kukanda tumbo ni kwamba ndani kumebaki damu chafu, lazima itolewe kwa moto. Mwili una njia yake. Kondo likishatoka, pale lilipojishikiza panabaki mishipa iliyo wazi, na kinachoifunga ni mfuko wenyewe kujikaza kama ngumi. Mtoto akinyonya, mwili wa mama unatoa homoni iitwayo oksitosini, nayo inazidi kuukaza. Ndiyo maana siku za kwanza ukinyonyesha unasikia tumbo linasokota. Damu iliyobaki inatoka yenyewe, kwanza nyekundu, halafu inafifia, mpaka kufikia wiki ya 6 hivi imekwisha. Maji yanayotokota hayaongezi kitu hapo zaidi ya kubabua ngozi. Na aliyepasuliwa, jamani, mshono ule na maji ya moto wapi na wapi?

Lakini kuungua si ndiyo hofu yangu kubwa. Kuna binti wa mtaani kwetu, jina na mtaa naviweka kando, alikandwa vizuri tu. Siku ya tano damu ikaanza kumtoka kwa mabonge. Mkandaji akafurahi: "Hiyo ndiyo chafu yenyewe, iacheni itoke." Wakaiacha. Ilipolowa kanga ya tatu, mdogo wake wa kidato cha pili ndiye aliyekimbia kuita bajaji. Hospitali wakakuta kipande cha kondo kimebaki ndani. Akasafishwa, akaongezwa damu, leo yupo na mtoto anatambaa. Ile damu haikuletwa na maji ya moto. Ubaya ni kwamba yaliwapa watu wazima sababu ya kukaa wametulia.

Kwa hiyo aliye zamu nyumbani kwa mzazi ayajue haya: pedi inalowa chapachapa ndani ya saa moja, mabonge makubwa, homa, uchafu unaonuka, kichwa kinachogonga na macho kuona maluweluwe. Kifafa cha mimba kinaweza kuja hata baada ya kuzaa. Hapo ndoo inawekwa chini na gari linaitwa, iwe saa nane ya usiku. Na tarehe za kurudi kliniki zipo hata kama mzazi anajisikia mzima: siku ya 2 au ya 3, wiki ya 1 mpaka ya 2, na wiki ya 6.

Mkaja sina ugomvi nao, ukifungwa kwa kiasi. Unampa mama nguvu ya kunyanyuka, ila haukatai kitambi kama tunavyodanganyana. Heshima yake ni kubwa, mpaka leo kwenye mahari mama wa binti analipwa mkaja wake. Mtori na supu, kunywa. Maziwa yakijaa kifua kikawa kama jiwe, kitambaa cha uvuguvugu au cha baridi vyote vinafaa, mradi mtoto aendelee kunyonya. Na kidonda cha njia, wataalamu siku hizi wanasema kipoozwe kwa barafu iliyofungwa kwenye kitambaa. Mwambie shangazi hilo uone macho atakayokutolea.

Wa kwangu wa tatu tulikubaliana mapema. Maji yawe vuguvugu, anikande mgongo na miguu, tumbo asiguse, na usiku mtoto alale naye nipate angalau saa tatu za usingizi baada ya kunyonyesha. Shangazi akanuna siku mbili. Akakubali kwa sharti moja, uji wa pilipili manga niumalize kikombe chote mbele yake. Niliumaliza, machozi yakinitoka.