Mbele ya munganga anayepima kilema, sema kweli yote



Tutoe mufano. Mufanyakazi mumoja wa chini ya udongo ametoboa mawe miaka 20. Leo akipanda njia ya kilima anasimama mara tatu kwa kutafuta pumzi. Siku ya kupimwa anavaa shati safi na kunyosha mugongo. Munganga anamuuliza: «Kifua namna gani?» Yeye anajibu: «Hakuna neno, Munganga.» Basi munganga anaandika: hakuna neno. Usiku ule ule bibi yake hapati usingizi, sababu ya kukohoa kwa bwana wake.

Mutu huyu hakusema uongo kwa ubaya. Alisikia haya. Lakini haya ile itakula chakula cha watoto wake.

Waganga wawili, kazi mbili

Munganga anayekutunza anatafuta kukuponyesha. Munganga anayepima kilema anatafuta kujua nguvu gani imepotea na nguvu gani imebaki. Huyu wa pili pengine hajakuona hata siku moja. Anajua tu yale yaliyo katika makaratasi, yale anayoona kwa macho, na yale unayomwambia.

Hesabu ya kilema

Katika inchi yetu, kazi ya kulipa kilema cha kazi na magonjwa ya kazi ni ya CNSS, iliyochukua nafasi ya INSS mwaka 2018. Wakati mugonjwa ametunzwa na hali yake haibadiliki tena, kilema kilichobaki kinahesabiwa kwa mia. Kikifika 15 kwa mia ao zaidi, mutu anapata pensheni ya kilema. Kikiwa chini ya 15, anapata malipo ya mara moja, na inaisha. Muone basi: kati ya 14 na 15 kuna namba moja tu, lakini kwa jamaa tofauti ni kubwa sana.

Kwa ugonjwa usiotoka kazini, hesabu ni ingine: kwa kupata pensheni, mutu lazima awe amepoteza sehemu mbili juu ya tatu za nguvu yake ya kupata mushahara.

Mbele ya kwenda

Kusanya makaratasi yote: karatasi iliyoandikwa siku ya aksida, karatasi za hospitali, picha za kifua, majina ya dawa unazomeza. Andika kazi ulizofanya na miaka yake: miaka mingapi kwenye mashini ya kutoboa, mingapi kwenye kuponda mawe. Vumbi la mawe linaacha makovu ndani ya mapafu, na ugonjwa ule, silikosisi, unaweza kuzidi hata kisha mutu kuacha kazi ya vumbi. Tena unafungulia kifua kikuu mulango. Kwa hiyo kazi ya zamani ina maana leo.

Ikiwa watapima masikio, usitoke kwenye makelele ya mashini na kuingia moja kwa moja. Pumzisha masikio usiku muzima. Masikio yaliyochoka yanadanganya kipimo.

Mbele ya munganga

Usifiche, usiongeze. Anayefanya kilema cha uongo anajulikana upesi: anachechemea akiingia, anasahau kuchechemea akitoka. Kisha munganga hasadiki tena hata maumivu yake ya kweli.

Usiseme tu «ninaumwa». Sema kazi isiyowezekana: «Siwezi kuinua ndoo ya maji kwa mukono huu.» «Ninatembea mpaka soko, lakini ninapumzika mara mbili.» «Siku tatu kwa juma siwezi kulala chali.» Ikiwa kuna siku nzuri na siku mbaya, sema zote mbili. Wakikuambia upulize ndani ya mashini ya kupima pumzi, puliza kwa nguvu yako yote. Ukipuliza kwa kujizuiza, kipimo kinakataliwa.

Ikiwa lugha ya munganga inakushinda, omba mutu wa kutafsiri. Si haya.

Neno kwa mama wa nyumbani

Ninyi munaona yale munganga haoni: nani anamusaidia bwana kuvaa viatu, mara ngapi anaamuka usiku. Mukumbushe mbele ya kutoka nyumbani. Mukikubaliwa kuingia, museme bila woga.

Kisha

Omba nakala ya kila karatasi na uiweke ndani ya sanduku, mbali na maji na panya. Ikiwa kisha ugonjwa umezidi, omba kupimwa tena.

Ndugu, pesa ile si zawadi, na kuiomba si kuombaomba. Ni haki ya jasho lako. Chini ya udongo ulionyesha nguvu yako. Mbele ya munganga, onyesha kweli.