Lori Linalozimika Njiani: Kagua Tangi Kabla ya Kufungua Pampu

Asubuhi kanta inawaka vizuri Kayole, inapakia vyombo vya nyumba na kuingia Barabara ya Outer Ring. Baada ya nusu saa injini inaanza kukohoa. Dereva anakanyaga mafuta lakini nguvu hazipatikani, na kabla ya kufika Donholm gari limezimika kabisa huku matatu zikipiga honi nyuma. Anasubiri dakika kumi, anajaribu tena, injini inawaka kana kwamba hakuna kilichotokea.

Wenye malori ya zamani ya dizeli katika mitaa ya Eastlands wanaijua hali hii vyema, na wengi wameilipia zaidi ya mara moja. Pampu ya injekta imefunguliwa, nozeli zimebadilishwa, na wiki iliyofuata tatizo limerudi. Kosa huwa ni pale utafutaji ulipoanzia. Pampu iliyochakaa husumbua karibu kila siku, hasa wakati wa kuwasha injini ikiwa moto. Tatizo linalokuja na kuondoka mara nyingi liko kwenye njia ya mafuta kabla hayajafika kwenye pampu: tangi, mipira, filta. Huko ndiko kwenye vipuri vya bei nafuu, na ndiko pa kuanzia.

Si jambo la kuahirishwa hadi mwisho wa mwezi. Kanta nyingi hutumia breki za mafuta zinazosaidiwa na pampu ya kuvuta hewa, na pampu hiyo huendeshwa na injini. Injini ikisimama, msaada uliobaki unatosha kukanyaga mara chache tu, kisha pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Usukani wenye pawa nao hukaza. Injini ikianza kufa gari likiwa mwendoni, dereva asikimbilie kukanyaga klachi, kwa sababu magurudumu yakiendelea kuizungusha injini, pampu ya hewa nayo inazunguka. Akanyage breki mara moja kwa nguvu na kushikilia bila kupigapiga pedali, na ufunguo usigeuzwe hadi usukani ukajifunga.

Swali la kwanza ambalo fundi anapaswa kumuuliza dereva ni hili: lilizimika vipi? Kama injini ilikata ghafla, kana kwamba mtu amezima kwa ufunguo, umeme ndio wa kushukiwa. Malori mengine ya zamani huzimwa kwa waya wa kuvutwa kwa mkono, lakini mengine yana koili ya umeme kwenye pampu, na waya wake ukilegea gari likipita kwenye shimo, mafuta hukatwa papo hapo. Kama lilikohoa, likapungua nguvu, kisha likafa polepole, basi injini ilikosa mafuta au ilivuta hewa.

Hewa ndiyo inayowachanganya wengi. Mpira unaotoka kwenye tangi haupati mafuta kwa kusukumwa. Pampu ndogo iliyo karibu na injini ndiyo inayoyavuta. Kwa hiyo mpira ukiwa na ufa mdogo, injini ikifanya kazi, dizeli haitiririki nje. Hewa ndiyo inayoingia ndani. Fundi atatazama chini ya gari, aone pakavu, na kusema mipira ni mizima. Dalili za hewa ni hizi: gari ni gumu kuwaka baada ya kulala usiku kucha, linasumbua zaidi tangi likikaribia kuisha, na linatulia kwa muda baada ya kupigwa pampu ya mkono. Ili kuhakikisha, fundi hufunga kipande cha mpira wa plastiki unaopitisha mwanga kabla ya filta na kutazama injini ikinguruma. Mapovu yakipita mfululizo, kuna mahali panapovuta hewa.

Lile lori linalowaka tena baada ya kupumzika lina hadithi nyingine. Tangi la miaka mingi huwa na kutu, matope na hata vipande vya matambara yaliyowahi kutumiwa kama kifuniko. Uchafu huo huelea hadi kwenye bomba la kuvutia na kuziba mdomo wake. Injini ikizimika, mvuto unaisha, uchafu unaanguka, njia inafunguka. Kifuniko cha tangi kikiwa kimeziba tundu lake la hewa, matokeo ni yale yale. Kilegeze mara tu gari linapokata: ukisikia sauti ya hewa ikiingia na gari likawaka, umempata mwizi bila kulipa hata shilingi.

Kipimo kinachookoa pesa nyingi kuliko vyote ni cha jerikeni. Gari likiwa limesimama uwanjani, mpira wa kuvuta unatolewa kwenye tangi na kutiwa ndani ya jerikeni safi yenye dizeli nzuri, pamoja na mpira wa kurudisha. Hewa inatolewa, injini inawashwa na kuachwa ikinguruma kwa muda ule ule ambao kwa kawaida huchukua kabla ya kusumbua. Ikitulia, tatizo liko kwenye tangi au mpira uliorukwa. Ikikohoa, endelea mbele: filta, pampu ya kuvuta, na mwisho kabisa pampu ya injekta. Mwenye gari afanyiwe kipimo hiki mbele yake kabla ya kukubali pampu ipelekwe kwenye mashine ya kupimia.

Maji nayo yasisahaulike. Fungua koki iliyo chini ya filta, kinga mafuta kwenye chupa safi na uiache itulie. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo hukaa chini. Kuchanganya dizeli na mafuta ya taa ni jambo jingine, kwani mchanganyiko huo hauonekani kwa macho na hula pampu polepole kwa kuinyima ulainisho. Tabia hiyo ndiyo iliyofanya ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa kuanzishwa Septemba 2018. Weka risiti za kituo unachojazia. Ukiwa na shaka, malalamiko hupelekwa kwa Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Mafuta, EPRA.

Onyo moja kwa wanaofungua nati za mabomba ya nozeli ili kujua silinda ipi haifanyi kazi: mafuta hutoka hapo kwa shinikizo linaloweza kupenya ngozi. Usiweke kidole. Aliyepenyezwa aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo kama tundu la sindano.

Gari likikwama barabarani, weka pembetatu za tahadhari na uwashe taa zote mbili za ishara. Ukitumia mawe kuzuia magurudumu, yaondoe unapoondoka. Na dizeli chafu inayotoka kwenye tangi isimwagwe mtaroni. Mitaro ya Kariobangi na Dandora huishia Mto Nairobi. Ihifadhi kwenye jerikeni yenye kifuniko na umpe mtu anayekusanya mafuta machafu.