Tai wa Nigeria waruka ughaibuni, kiota chabomoka nyumbani

Na Mwandishi Wetu

Waliohudhuria Uwanja wa Amaan, Zanzibar, Jumanne ya Agosti 12, 2025, hawatasahau upesi walichokiona. Nigeria, taifa la watu zaidi ya milioni 200 na bingwa wa Afrika mara tatu, ilifungwa mabao 4–0 na Sudan katika michuano ya CHAN, ile inayowahusu wachezaji wa ligi za nyumbani pekee. Wiki moja kabla, Senegal ilikuwa imeifunga 1–0. Ushindi wa 2–0 dhidi ya Congo Brazzaville katika mechi ya mwisho haukusaidia kitu, kwa kuwa Nigeria ilikuwa imekwishaaga mashindano.

Kinachouma katika matokeo hayo si wingi wa mabao, bali ni nani aliyeyafunga. Sudan imo vitani tangu Aprili 2023. Klabu zake mbili kubwa, Al-Hilal na Al-Merrikh, zililazimika kuihama nchi na kucheza katika ligi ya Mauritania. Watu waliofukuzwa makwao na risasi wakawazidi kwa mbali watu ambao ligi yao inachezwa katika viwanja vya nyumbani. Basi tukajiuliza, na bila shaka msomaji naye amejiuliza: Nigeria imepatwa na maradhi gani?

Vipaji havijapungua

Jibu la haraka lingekuwa kwamba vipaji vimekwisha. Jibu hilo halina ukweli. Victor Osimhen alikuwa Mwanasoka Bora wa Afrika mwaka 2023, na Ademola Lookman akaichukua tuzo hiyo mwaka 2024. Timu ya taifa, Super Eagles, ilifika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Ivory Coast Februari 2024 na kufungwa 2–1 na wenyeji. Katika fainali za Morocco, Taifa Stars yetu ilionja makali yake ilipolala 2–1 mjini Fez, Desemba 23, 2025. Nigeria ilimaliza michuano hiyo katika nafasi ya tatu.

Lakini timu hiyo hiyo imeshindwa kufuzu Kombe la Dunia mara mbili mfululizo. Machi 2022 ilizuiwa na Ghana kwa sare ya 1–1 mjini Abuja, na mashabiki wenye hasira wakavamia uwanja. Safari ya 2026 ilianza kwa sare mbili za 1–1, moja nyumbani mjini Uyo dhidi ya Lesotho, nyingine dhidi ya Zimbabwe. Kabla ya safari kufika mwisho, timu ilikuwa imepita mikononi mwa makocha kadhaa: José Peseiro aliondoka, Finidi George akajiuzulu Juni 2024, Augustine Eguavoen akashika kwa muda, Mjerumani Bruno Labbadia akatangazwa kisha akajitoa kabla hajaanza kazi, na Januari 2025 akateuliwa Éric Chelle. Timu inayobadilishiwa mwalimu namna hiyo hujifunza lini?

Jasho lililokauka bila ujira

Novemba 2025 Nigeria ilipewa nafasi ya mwisho, mechi za mtoano mjini Rabat. Siku mbili kabla ya kukutana na Gabon, wachezaji walisusia mazoezi wakidai malipo yao yaliyolimbikizwa. Suala likasuluhishwa, wakaingia uwanjani, na Gabon ikafungwa 4–1 baada ya muda wa nyongeza. Jumapili, Novemba 16, ikaja zamu ya jirani zetu wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Dakika 120 zilimalizika kwa sare ya 1–1, na mikwaju ya penalti ikaamua. Chancel Mbemba alipofunga mkwaju wa mwisho, hesabu ikawa 4–3, na ndoto ya Nigeria ikaishia hapo.

Hatusemi kwamba deni ndilo lililowafungisha. Penalti ina bahati yake, na Congo ilistahili heshima yake. Tunachosema ni kwamba mgomo ule haukuwa jambo geni. Juni 2013 wachezaji wa Nigeria walichelewa kusafiri kwenda Brazil kwenye Kombe la Mabara kwa sababu ya mgogoro wa posho. Juni 2014, wakiwa kwenye Kombe la Dunia na wakisubiri kucheza na Ufaransa, walisusia mazoezi kwa sababu hiyo hiyo. Desemba 2016 timu ya wanawake, Super Falcons, ilirudi Abuja na kombe la Afrika, kisha wachezaji wakagoma kutoka hotelini mpaka walipwe haki yao.

Wanawake hao walitwaa ubingwa wa Afrika kwa mara ya 10 Julai 2025, baada ya kutoka nyuma kwa mabao mawili na kuifunga Morocco 3–2. Safari hii Rais Bola Tinubu aliwapokea kwa ukarimu, akatangaza kwamba kila mchezaji atapewa dola 100,000 pamoja na nyumba. Hatuoni ubaya wa kumtunza aliyefanya vyema. Lakini zawadi ni ihsani, na ujira ni haki, wala ihsani hailipi deni la haki. Sisi tuliofundishwa kwamba mfanyakazi hulipwa kabla jasho lake halijakauka tunajua tofauti hiyo. Anayepewa zawadi hushukuru. Anayelipwa kwa wakati huamini, na timu hujengwa juu ya kuaminiana.

Klabu za serikali, ligi isiyoonekana

Mzizi wa tatizo, kwa mtazamo wetu, haupo Rabat. Upo katika klabu.

Zamani klabu za Nigeria ziliogopwa. Shooting Stars ya Ibadan ilitwaa Kombe la Washindi Barani Afrika mwaka 1976, na Rangers ya Enugu ikafuata mwaka 1977. Enyimba, klabu ya mji wa biashara wa Aba, ilichukua ubingwa wa klabu za Afrika mwaka 2003 na kuutetea mwaka 2004. Mwaka 2009 Heartland ya Owerri ilifika fainali na kufungwa na TP Mazembe ya Lubumbashi. Tangu hapo hakuna klabu ya Nigeria iliyoiona tena fainali hiyo.

Wapenzi wa soka wa Tanzania wana ushahidi wao. Novemba 2020 Simba ilikwenda Jos ikaifunga Plateau United 1–0, na sare ya Dar es Salaam ikaivusha. Mwaka 2021 Rivers United iliitoa Yanga kwa kushinda 1–0 nyumbani na ugenini. Haikupita miaka miwili, zikakutana tena katika robo fainali ya Kombe la Shirikisho, Aprili 2023, na Yanga ikashinda 2–0 mjini Uyo, mabao yote yakifungwa na Fiston Mayele. Bingwa wa Nigeria wa msimu wa 2024/25, Remo Stars, alipokwenda Ligi ya Mabingwa Afrika alikutana na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini na kutolewa kwa jumla ya mabao 7–1.

Klabu nyingi za ligi kuu ya Nigeria ni mali ya serikali za majimbo. Mshahara wa mchezaji hutoka katika bajeti ile ile inayogombewa na shule, barabara na hospitali, na uongozi wa klabu huteuliwa na gavana. Gavana akibadilika, uongozi hubadilika. Mshahara ukichelewa, hakuna mwenye hisa wa kumuuliza. Klabu ya namna hiyo haina haja ya kuuza tiketi wala jezi ili iishi, kwa hiyo haijifunzi kuuza. Remo Stars, iliyotwaa ubingwa wake wa kwanza, ni klabu ya mtu binafsi, na hilo linasema jambo.

Tena, ligi haionekani. SuperSport ilikuwa ikirusha mechi zake tangu 2007, ikajiondoa mwaka 2017. Tangu wakati huo kijana wa Lagos anaweza kukutajia wachezaji wa akiba wa Arsenal, lakini asimjue golikipa wa klabu ya mtaani kwake. Hapa kwetu, mwaka 2021 Azam ilitia saini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya Sh bilioni 225.6, na kila klabu hupata fungu lake. Mkataba huo haukumaliza matatizo yetu, lakini umezipa klabu kitu cha kutegemea.

Kuna na ratiba. Msimu wa 2018 ulikatizwa baada ya mechi 24. Ule wa 2022/23 ulianza Januari, ukafupishwa ili uwahi kwisha. Mchezaji asiyejua msimu wake utaanza lini hufikiria jambo moja tu, nalo ni pasipoti.

Ahmed Musa arudi Kano

Mmoja aliyeondoka na kurudi ni Ahmed Musa. Kijana huyu wa Jos aliifungia Kano Pillars mabao 18 katika msimu wa 2009/10, akaenda Ulaya, akacheza CSKA Moscow na Leicester City, akaichezea nchi yake zaidi ya mechi 100. Mwaka 2025 alikabidhiwa umeneja mkuu wa klabu ile ile iliyomlea.

Kano ni mji wa Waislamu wa Kihausa, mji wa misikiti, madrasa na masoko ya kale, na Pillars ni kipenzi chake. Klabu hiyo imekuwa bingwa wa Nigeria mara nne, tatu kati yake mfululizo kuanzia 2012 hadi 2014. Lakini aliyepewa ufunguo wa nyumba hiyo amekuta kazi nzito. Klabu ni ya jimbo, barabara ni ndefu na si salama. Machi 2015 basi la Pillars lilivamiwa na watu wenye silaha likielekea Owerri, na wachezaji watano wakajeruhiwa kwa risasi. Hatujui kama Musa atafaulu. Tunajua kwamba mtu mmoja mwenye jina kubwa hawezi kufanya kazi ya mfumo mzima.

Somo kwa wazazi

Yapo katika habari hii mambo mawili yanayotuhusu sisi wenye watoto.

La kwanza ni umri. Nigeria imetwaa Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 mara tano, rekodi isiyo na mfano, lakini vipimo vya MRI vimekuwa vikiwaondoa kikosini vijana waliozidi umri. Uongo huo haufanywi na kijana peke yake. Nyuma yake huwa yupo mtu mzima aliyeandika cheti. Mtoto anayeanza safari kwa cheti cha uongo anafundishwa na mzazi wake kwamba kipaji hakitoshi.

La pili ni hatima. Rashidi Yekini, mtoto wa Kaduna, aliifungia Nigeria bao lake la kwanza katika Kombe la Dunia mwaka 1994, na mabao yake 37 kwa timu ya taifa hayajafikiwa na Mnigeria yeyote enzi ya uhai wake. Alifariki Mei 2012 akiwa na miaka 48, baada ya miaka ya upweke mjini Ibadan. Shangwe za uwanjani zina mwisho. Mtoto mwenye kipaji apewe mpira, na apewe pia elimu, dini na jamaa wa kumrudia.

Mara ya mwisho Nigeria ilipotwaa Kombe la Mataifa ya Afrika, mwaka 2013 chini ya Stephen Keshi, bao pekee la fainali lilifungwa na Sunday Mba. Hakuwa nyota wa Ulaya. Alikuwa akicheza ligi ya nyumbani, ile ile iliyofungwa 4–0 pale Amaan. Kiota kikitengenezwa, makinda hayatakosekana. Kinachosubiriwa ni waliopewa amana waitimize, na waanze kwa kulipa wanachodaiwa.