Shilingi ya Sokoni Kitengela Huenda Wapi?

Hapa Kitengela bado tunasema "pesa za kanjo" ingawa kanjo lenyewe lilikufa mwaka 2013. Mchuuzi analipia kibanda, mwenye duka anakata leseni, na ukiuliza shilingi hiyo inakwenda wapi utaambiwa, "Utamwuliza nani?" Mamangu, muuza sukuma wiki na nyanya, aliniuliza mimi kwa sababu ati ndiye ninayesoma. Basi nikatafuta.

Zamani mji wetu ulikuwa chini ya Baraza la Kaunti la Olkejuado. Bajeti ya baraza ilihitaji idhini ya waziri wa serikali za mitaa, huko Nairobi. Katiba ya 2010 ilibadilisha mambo. Baada ya uchaguzi wa Machi 2013 Kajiado ikapata serikali yake: gavana, na bunge lenye wawakilishi wa wadi 25, mmoja wao akiwa wetu wa Kitengela.

Sasa tuifuate shilingi. Kifungu cha 207 cha Katiba kinasema pesa zinazokusanywa na kaunti ziingie katika Hazina ya Mapato ya Kaunti, isipokuwa zile chache ambazo sheria inaruhusu zitengwe. Humo zinakutana na mgao kutoka serikali kuu, ambao kwa kaunti zote 47 haufai kupungua asilimia 15 ya mapato ya taifa. Katika mwaka wa fedha 2025/2026 mgao huo ulikuwa shilingi bilioni 415. Kwa hivyo jungu ni moja. Shilingi ya nyanya za Kitengela yaweza kuchimba kisima kule Magadi, na mimi sioni ubaya, maana hata huko wanakunywa maji kama sisi. Lakini kulipakua jungu si rahisi kama kulijaza. Lazima kuwe na sheria inayoruhusu matumizi, kisha Mdhibiti wa Bajeti, ambaye si mtu wa gavana, aidhinishe pesa zitoke.

Hapo ndipo nilidhani nimemaliza kazi, kumbe bado! Swali kubwa ni nani anayeamua pesa zipikwe nini, na lini. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka tarehe. Mpango wa maendeleo wa mwaka unafikishwa bungeni kufikia Septemba 1. Kufikia Februari 28 inafuata hati ya mikakati ya fedha. Makadirio ya bajeti yanafika Aprili 30, na bajeti inatakiwa iwe tayari kufikia Juni 30, kwani mwaka wa fedha huanza Julai 1.

Tazama vizuri hiyo ya Februari. Hati hiyo ndiyo inayopima ukubwa wa sahani: afya ipewe kiasi gani, barabara kiasi gani, maji kiasi gani. Tuseme wachuuzi wanataka mtaro sokoni ili mvua isiwaogeshe pamoja na mboga zao. Wakingoja hadi Mei ndipo waseme, sahani zimekwisha kupimwa. Mtaro utapatikana kwa kumnyang'anya mwingine tonge. Wakisema kabla ya Septemba mpango unapoandikwa, na tena Februari, hawamnyang'anyi mtu. Sheria inataka maoni ya umma yatafutwe hata kwa hati hiyo ya Februari. Shida ni kwamba neno "bajeti" huvuma zaidi Juni, wakati waziri wa fedha anapoisoma ile ya taifa, nasi tunadhani ndiyo kwanza mambo yanaanza.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na wakopeshaji wakubwa nao wanaamini hivyo. Mwaka 2016 Benki ya Dunia iliikopesha Kenya dola milioni 200 kwa mpango wa kusaidia ugatuzi. Kaunti hazikugawiwa hivi hivi tu. Zilifanyiwa mtihani kila mwaka: je, mipango imeandikwa, hesabu zimepelekwa kwa mkaguzi, wananchi wamehusishwa? Waliofaulu vizuri waliongezewa pesa. Nigeria nayo ilifanyiwa mpango wa namna hiyo kwa majimbo yake kuanzia 2018, dola milioni 750. Mimi naupenda mtihani huo, ila najua pia tabia ya watahiniwa. Mtu anaweza kukariri akapita bila kuelewa, na kaunti yoyote inaweza kuwa na hati safi kabatini ambayo hakuna mchuuzi aliyewahi kuisoma.

Na pesa zikishatumika? Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ana miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha kutoa ripoti yake, yaani hadi Desemba 31. Ripoti hizo si siri. Anayetaka hati nyingine, kwa mfano hiyo ya Februari, anaweza kuiomba chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, kwa Kiswahili au Kiingereza, na ofisi inatakiwa kumjibu ndani ya siku 21. Kuomba ni bure. Anachoweza kutozwa ni gharama ya kunakili karatasi.