Kano ikikatika pasipo ajali, chanzo kitafutwe

MTU anashuka ngazi au anakimbilia matatu. Ghafla anahisi kana kwamba amepigwa teke nyuma ya mguu, lakini akigeuka haoni mtu. Hajaanguka wala hajagongwa. Aghalabu hudhani ameteguka, akakandwa na kusubiri nafuu. Kumbe huenda kano ya Akilisi imekatika.

Kano hiyo, inayounganisha misuli ya shavu la mguu na mfupa wa kisigino, ndiyo nene na yenye nguvu zaidi mwilini. Ikikatika kwa mwendo wa kawaida, huashiria kwamba ilikuwa imedhoofika tayari.

Hata hospitalini, tatizo hili huweza kupita bila kutambuliwa. Mgonjwa bado huweza kuelekeza wayo chini kwa msaada wa misuli mingine, nayo eksirei huonyesha mifupa mizima.

Hata hivyo, kipimo chake hakihitaji mashine. Kilielezwa na daktari Simmonds wa Uingereza mwaka wa 1957, kisha Thompson wa Marekani mwaka wa 1962. Mgonjwa hulala kifudifudi, nyayo zikining'inia nje ya kitanda, na daktari humbinya shavu la mguu. Kano ikiwa nzima, wayo husogea wenyewe. Usiposogea, yaelekea kano imekatika. Pengo pia huweza kupapaswa sentimita 2 hadi 6 juu ya kisigino. Shaka ikibaki, picha za ultrasaundi au MRI huiondoa.

Kazi haiishii hapo. Katika toleo la 10 la orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani (WHO), kano iliyokatika yenyewe huwekwa chini ya alama M66, ilhali jeraha la kano ya Akilisi ni S86.0. Tofauti hiyo si ya makarani pekee. Faili ikisema ni jeraha, mguu hutibiwa na mambo yakaishia hapo. Ikisema kano ilikatika yenyewe, daktari hulazimika kuuliza sababu: kisukari, maradhi ya figo, baridi yabisi, jongo au dawa za steroidi.

Isitoshe, Julai 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza antibayotiki za kundi la fluorokwinoloni, ikiwemo siprofloksasini, ziwekewe onyo kali kuhusu kano. Hatari huzidi kwa waliopita umri wa miaka 60, wanaotumia steroidi na waliopandikizwa figo, moyo au mapafu. Kano huweza kukatika hata miezi kadhaa baada ya dawa kumalizika.

Ndiyo maana faili yapasa kuonyesha mguu upi, mgonjwa alikuwa akifanya nini, matokeo ya kipimo, na kila dawa aliyomeza pamoja na tarehe zake. Nchini Kenya, dawa ikishukiwa, ripoti hupelekwa kwa Bodi ya Famasia na Sumu (PPB).

Mgonjwa naye asifiche dawa alizojinunulia dukani. Huenda jibu limo humo.