Masafa ya Wote, Mpango wa Mtaa

Kibera na Kawangware, mitaa ya Nairobi, zina mambo mawili ambayo macho pekee hayawezi kuyapima: vumbi la moshi linaloingia mapafuni, na kasi ya maji kupanda mtoni mvua inapozidi. Mwaka 2016 vihisi vya hewa vya bei nafuu viliwekwa kwa majaribio katika sehemu kadhaa za Nairobi, Kibera ikiwemo. Na mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalikumbusha jiji zima hatari ya kuishi kando ya mito yake. Kihisi kimoja hakitoshi, kwa maana vichochoro viwili jirani huweza kuvuta hewa tofauti, huku jiko la makaa, kule taka zinachomwa. Vinahitajika vihisi mamia vinavyotuma vipimo bila waya. Vingi hutumia masafa ya takriban megahezi 868, ambayo hayana mwenyewe: hakuna anayeyamiliki kwa leseni, wala anayelindwa dhidi ya kelele za jirani. Naamini masafa haya yanaitosha mitaa hii, mradi mtaa wenyewe uyapange. Sheria inayomtazama kila mwenye kifaa peke yake haitoshi.

Hesabu inaonyesha kwa nini. Chukua vihisi 500 vya LoRa, redio ya umeme kidogo inayofika mbali, kila kimoja kikituma ujumbe wa baiti 20 kila dakika 10. Vikiwa karibu na kituo cha kupokea, vinaweza kusema haraka, na kila ujumbe huchukua takriban sekunde 0.057; kwa saa moja vyote hutumia sekunde 171 za chaneli moja. Vikiwa mbali, au vimezibwa na kuta za mabati, hulazimika kusema polepole ili visikike, na ujumbe uleule huchukua takriban sekunde 1.3. Sasa vinadai sekunde 3,900, ilhali saa ina 3,600. Chaneli zikiongezwa nafasi hupatikana, lakini tofauti ya karibu na mbali inabaki ileile. Kanuni za Ulaya, ambazo vifaa vingi vya masafa haya vimeundwa kuzifuata, kwa kawaida huruhusu kifaa kuzungumza asilimia 1 ya muda, yaani sekunde 36 kwa saa. Kihisi chetu cha polepole hutumia 7.8 tu. Kila kimoja kimetii, na mtaa mzima umekwama. Ndivyo ilivyo kwenye bomba la maji: kila mtu ana mtungi mmoja, lakini maji yakitoka kama uzi foleni haisongi. Kumkaripia mwenye mtungi hakusaidii. Mabomba, yaani vituo vya kupokea, ndiyo yasogezwe karibu na watu.

Wapo watakaosema vituo vingi ni gharama. Lakini Kibera tayari ina TunapandaNET, mtandao wa jamii unaounganisha shule na vituo vya vijana kwa waifai. Penye umeme, paa na intaneti, kituo cha kupokea ni nyongeza ndogo. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilitoa mwongozo wa leseni za mitandao ya jamii, ikiweka mpaka wa kila mtandao kuwa kaunti ndogo. Kibera iko katika kaunti ndogo ya Kibra, Kawangware katika ile ya Dagoretti Kaskazini. Hivyo kila mtaa unaweza kuwa na mpango wake, ukianza na shule, makanisa na misikiti yake.

Wengine watauliza kwa nini tusitie laini ya simu katika kila kihisi, kwa kuwa masafa ya kampuni za simu yanalindwa. Kwa kihisi cha mto kinachotoa onyo la mafuriko, wana haki: penye uhai wa watu, njia ya pili ya laini iwepo. Kwa mamia ya vihisi vya vumbi, malipo ya kila mwezi na umeme zaidi vingeua mradi kabla haujazaa. Kipimo kimoja cha vumbi kikipotea hewani, kingine kinafuata baada ya dakika 10.

Kwa hiyo mwenye mradi mpya asianze kwa kupigilia vihisi ukutani. Aanze kwa kuwauliza majirani vituo viko wapi, nani anatuma nini, na mara ngapi. Vituo vitangulie, vihisi vifuate, na vipimo vyenyewe viwarudie wakazi wanaoivuta hewa hiyo.