Kadi ya Akiba na Hifadhi ya Wingu

Leo tutazungumza juu ya kadi ya akiba, na jinsi simu inavyoiweka katika hifadhi iitwayo wingu. Chukueni kalamu na karatasi.

Tuseme kipo kikundi cha kuweka na kukopa hapa Sakina, kando ya barabara iendayo Namanga. Fedha zao zimo katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu. Utaratibu huo ni mzuri. Lakini daftari la hesabu ni moja tu, na daftari huweza kulowa mvua ama kuungua. Kwa hiyo wamemwomba kijana mmoja awatengenezee programu ya simu, ili hesabu ikae na mahali pengine.

Kijana huanza kwa kupanga kadi itakuwaje: kila kadi iwe na nafasi ya namba, ya jina na ya akiba. Mpango huo watunga programu huuita klasi. Kadi moja iliyokwisha jazwa, tuseme ya mwanachama namba 14, huiita objekti. Ni kama kalibu ya matofali na matofali yenyewe: kalibu ni moja, matofali ni mengi.

Na wingu ni nini? Si wingu la mvua juu ya Mlima Meru. Ni kompyuta zilizo katika majumba ya mbali, nazo simu huzifikia kwa mtandao. Hifadhi moja ya namna hiyo ni Firestore, ambayo kampuni ya Google iliitoa kwa majaribio mwaka 2017. Humo kila kadi huwa hati moja, na hati za namna moja hukaa pamoja katika mkusanyiko. (Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ina masharti juu ya kupeleka habari za watu nje ya nchi. Viongozi wa vikundi waulizie.)

Sasa sikilizeni vizuri. Objekti haiendi winguni nzima. Yanayokwenda ni majina ya nafasi na yale yaliyoandikwa ndani yake, basi:

namba: 14
akiba: 85000

Kalibu hubaki katika simu. Siku ya kuisoma kadi, programu hutengeneza kwanza kadi tupu, kisha huijaza nafasi moja moja kwa kufuata majina. Kwa sababu hiyo, mwenye kutumia lugha ya Java lazima aweke katika klasi yake njia ya kutengeneza kadi tupu, isiyodai kitu chochote mwanzoni. Akisahau, kadi itakwenda salama, lakini siku ya kuisoma programu itagoma. Huo ni mtego mbaya, maana mtu alikwisha furahi. Na nafasi iliyofichwa, isiyo na njia ya kusomwa, haipelekwi kabisa, wala hamtasikia kelele yoyote.

Lakini mtego mkubwa ni huu wa majina. Tuseme kijana amesikia wanachama wakisema "hisa", naye akabadili jina la nafasi, akiba ikawa hisa. Kadi zilizo winguni bado zinasema akiba. Programu inatafuta hisa, haioni, na nafasi ya tarakimu isiyojazwa ni sifuri. Mama aliyeweka shilingi 85,000 anaonyeshwa 0! Hapo fedha zake bado zimeandikwa winguni, hazijafutika. Sasa mweka hazina anapokea shilingi 5,000, na programu inaiweka kadi nzima upya: hisa 5000. Amri ya kuweka, isipoambiwa iunganishe na yaliyopo, hufuta hati ya zamani yote. Zile 85,000 hazipo tena, na hakuna mwizi aliyeingia.

Dawa ipo. Jina likiisha kutumika winguni, liachwe lilivyo. Katika Java kuna alama ya kuiambia programu: humu simuni iite hisa, kule winguni iite akiba. Tena, mtu akileta 5,000, programu isiandike jumla mpya. Itoe amri ya kuongeza 5,000 katika nafasi ile moja. Firestore inayo amri hiyo. Hata mtandao ukikatika, simu huishika amri mpaka mtandao urudi, ndipo huipeleka. Kama simu mbili zimeandika jumla mbalimbali, itakayofika mwisho ndiyo itakayobaki.

Mkitengenezewa programu, mwombeni fundi aweke kadi moja mbele yenu, kisha aisome kwa simu nyingine, nanyi mlinganishe na daftari. Daftari msilitupe.

Kazi ya nyumbani. Kadi ina akiba 40,000. Simu mbili zinaisoma, kisha mtandao unakatika. Simu ya kwanza inapokea 3,000 za mwanachama huyo, ya pili inapokea 2,000. Mtandao unarudi, na simu ya pili inafika mwisho. Andikeni: winguni patakuwa na shilingi ngapi ikiwa kila simu imeandika jumla yake? Na ngapi ikiwa kila simu imetoa amri ya kuongeza?